Magesa na Sikio la Mkewe

Mwaka ule Mwigulu alipoezeka nyumba yake kwa bati za msauzi, zile nyekundu zenye mikunjo kama vigae, Magesa Bujiku alibadili njia ya kwenda shambani ili asizione. Njia mpya ilikuwa ndefu na ilipita kwenye matope, lakini aliona afadhali matope.

Kilichomuuma si bati. Mwigulu, jirani yake pale Segese, hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikuwa mkulima wa mpunga tu. Alinunua ditekta, mashine inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu iliyofukiwa, akatembea nayo mashambani baada ya mvua, akaokota kipande cha dhahabu kikubwa kama pingili ya kidole. Basi. Hakupumua vumbi, hakushuka kwa kamba, hakuzika mwenzake.

Magesa alikuwa amemaliza ujana wake chini ya ardhi ya Geita. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba kwa mashine ya upepo na kupanga baruti, kisha kukaa pembeni, kinywa wazi, mikono kichwani, akisubiri mlipuko. Alirudi nyumbani akiwa na magoti mabovu na sauti kubwa. Akikusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, mbuzi walishtuka. Watu walisema ndivyo walivyo watu wa machimboni, wamezoea kupigiana kelele.

"Mwigulu!" alimwambia mkewe. "Mtu ambaye hawezi kutofautisha jiwe la dhahabu na jiwe la kusagia!"

Mkewe aliitwa Vumilia, ingawa sote tulimwita Mama Fredy, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Miaka yote ambayo Magesa alikuwa shimoni, yeye alilima karanga na mpunga, akafuga, akalea, na Jumapili akafundisha kwaya. Hakujua kusoma muziki wa kwenye karatasi. Alijua tu kuwa fulani, safu ya nyuma, ameteleza, na alimgeukia hata kabla ubeti haujaisha.

Magesa alipotaka kuuza madume mawili ya ng'ombe ili anunue ditekta, dume moja lilikuwa la Vumilia, alilolipata kwa karanga zake. Vumilia alikwenda zizini kulitazama. Jioni akasema, "Uza. Nimechoka kukufuata matopeni."

Mashine waliipata Kahama, kwa Hozefa, mfanyabiashara wa pampu na vipuri vya machimboni, ambaye baba yake naye alikuwa akiuza vitu hivyohivyo. Ilikuwa imetumika, ila ilikuwa nzima. Hozefa aliijaribu mbele yao kwa pete yake mwenyewe.

"Mzee Magesa," alisema, "hii si redio. Nikikuuzia bila mwalimu, wiki ijayo utaileta hapa ukisema ni mbovu. Nitakupa mtu."

Mtu huyo alikuwa Donatus, mwanamume wa Katoro mwenye mke na watoto, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa mtu anapozungumza naye. Alikubali kukaa Segese mpaka wanafunzi wake waweze kujitegemea. Kabla ya yote aliwapeleka kwa mwenye leseni ya uchimbaji wa eneo lile, wakapatana mgawo, kisha kwa wenye mashamba. "Usipoanza na ruhusa," alisema, "ukipata dhahabu umepata kesi."

Somo la kwanza lilianzia miguuni. Magesa alikuwa amevaa buti zake za mgodini, zenye chuma mbele.

"Vua, mzee. Na mkanda. Na funguo, na simu. Mashine haijui kama chuma kiko ardhini au kiko kwako."

Magesa akasimama shambani pekupeku, suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Donatus akamvika hedifoni masikioni, akamwonyesha jinsi ya kuinua na kushusha sahani ya mashine juu ya udongo mpaka itulie, maana udongo wa kule una chuma chake na hauachi kunung'unika. Kisha akamwambia aipitishe polepole, karibu na ardhi, kila mpito ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia.

"Usifyeke. Watu wote mwanzoni wanafyeka. Fanya kama mtu anayepiga deki."

Vumilia, aliyekuwa amekuja na maji na viazi, aliangua kicheko. Magesa hakuwahi kupiga deki maishani mwake.

Siku za mwanzo walichimbua kila kilicholia. Misumari, vizibo vya soda, kipande cha jembe, kopo la dagaa, ulimi wa chuma wa plau ya ng'ombe. Donatus alisema hiyo ndiyo shule yenyewe. Anayechagua cha kuchimba kabla sikio lake halijakomaa atairuka dhahabu. Magesa alisikia misumari vizuri. Alisikia kopo la dagaa mpaka akavua hedifoni kwa kelele. Alianza kutembea kifua mbele.

Ndipo Donatus akatoa mfukoni kipande chake cha mazoezi, dhahabu ndogo kama punje ya mchele iliyogandishwa kwenye kadi ya plastiki. Akaifukia kina cha vidole viwili.

"Hii haipigi kelele," alisema. "Hii inanong'ona. Ni sauti nyembamba, ya juu, halafu inashuka."

Magesa akapita. Akapita tena.

"Nasikia," akasema.

"Wapi?"

Akaonyesha. Hapakuwa penyewe.

Donatus, kwa heshima, akasema labda hedifoni imelegea. Akaifuta, akamgeukia Vumilia. "Shemeji, hebu ijaribu. Tuone kama kasoro ni ya mashine."

Vumilia alikataa kwanza kwa kucheka, kisha akafunga kanga vizuri, akaishika. Aliipitisha kwa utulivu wa mtu aliyepiga deki maisha yake yote. Akasimama. Akarudi nyuma. Akafumba macho, kichwa kimeinama kidogo, na uso wake ukapata utulivu ambao Magesa hakuwa ameuona tangu uchumba.

"Hapa," alisema. "Kama mtoto anayeimba nyuma ya ukuta."

Palikuwa penyewe.

Mashine haikuwa na kasoro. Wiki hiyohiyo, kwenye shamba la mihogo lililokuwa na mashimo ya zamani, Vumilia alisikia sauti nyingine ya namna ile, na chini yake kikatoka kipande cha dhahabu cha kweli, cha manjano iliyokolea, chenye pembe kama jino la mtoto. Donatus alimpa mkono. Magesa naye alimpa mkono, akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akakibeba kipande kile mwenyewe hadi nyumbani.

Toka siku ile Donatus aliacha kumwita Vumilia shemeji. Alianza kumwita fundi. Alimwita hivyo bila kufikiri, kama unavyomwita mtu kwa kazi yake, na wenye mashamba wakadaka. "Fundi, lini utapita kwangu?" "Mwangaluka, fundi," wengine wakamwamkia kwa Kisukuma. Magesa alibaki mzee. Alitembea nyuma yao na sururu, mtu aliyejua mawe yote ya Geita kwa rangi na uzito, akisubiri kuambiwa pa kuchimba.

Alikuwa akiwatazama. Walikuwa na maneno yao sasa. Vumilia alisema, "Hii imechanika," na Donatus akajibu, "Basi ni bati." Vumilia alisema, "Ya chini hiyo, ina mkia," na Donatus akatikisa kichwa kwa furaha. Walipeana hedifoni, kila mmoja sikio moja, wakasikiliza pamoja kitu ambacho kwa Magesa kilikuwa mvumo mtupu. Alianza kujiuliza kama kitu chenyewe kipo. Labda walikuwa wanaotea. Labda Donatus alikuwa akidondosha vipande vyake mwenyewe ili amfurahishe mke wa mtu. Wazo lile lilikuwa chungu, lakini lilimfariji, na akaling'ang'ania.

Basi akaamua kuwatega. Asubuhi moja alitangulia shambani, akafukia kipande cha risasi alichokivunja kwenye betri kuukuu ya gari, kidogo kama punje ya hindi. Akakanyaga udongo, akatupia majani makavu, akaweka alama machoni mwake: kichuguu huku, kisiki kule. Kama kweli wanasikia, watasimama hapa. Wakipita, amewakamata.

Walikuwa hawajafika. Mashine alikuwa nayo. Akaona hakuna ubaya kujaribu kwanza.

Akavaa hedifoni, akapitisha sahani juu ya mahali ambapo mkono wake mwenyewe ulikuwa umefukia. Mvumo. Akaishusha mpaka ikagusa majani. Mvumo. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akapita kutoka kusini, akapita kutoka mashariki, akapiga magoti na kuisogeza kwa mikono miwili. Mvumo uleule, kama upepo kwenye chupa. Alijua kipande kiko pale. Alikuwa bado na udongo wake kwenye kucha.

Walimkuta amekaa kwenye kisiki. Vumilia alimmiminia chai, akaichukua mashine, akaanza kazi upande wa kichuguu. Hakwenda mbali.

"Hapa," alisema. "Nyembamba. Inashuka."

Donatus akaweka sikio. "Kweli, fundi. Ndogo, lakini ipo." Akachimbua, akapepeta udongo kwenye kibakuli cha plastiki, akaona kipande cha kijivu. "Risasi ya betri. Si mbaya, risasi inaimba karibu sawa na dhahabu."

Vumilia alimtazama mumewe. "Baba Fredy, hebu tuirudishe chini nawe usikie."

"Nimesikia," Magesa alisema.

Angeweza kuyamaliza pale. Alikuwa ameshajua: mke wake hakuwa na hila, Donatus hakuwa na hila, na kasoro iko kichwani mwake. Mtu mwingine angepumua. Magesa aliona wivu ukimpanda mara mbili zaidi, kwa sababu sasa haukuwa na pa kujificha. Mtu akimwonea wivu mkewe kwa kuwa anasikia vizuri, amwambie nani? Atasimama wapi aseme?

Lakini upo wivu mwingine, ambao mwanamume anaruhusiwa kuusema hadharani. Magesa akauvaa huo.

"Kesho huendi," alimwambia Vumilia walipofika nyumbani.

"Nimekosa nini?"

"Mke wa mtu hashindi porini na mwanamume."

Vumilia alidhani ni mzaha. "Na wewe si upo palepale?"

"Nimesema."

Jioni hiyo alikwenda kijiweni, penye benchi la kahawa mbele ya maduka, akayasema kwa ile sauti yake. Hakusema amewakuta. Alisema tu kwamba mwanamume ana macho. Wenzake walitikisa vichwa, wakampa pole, mmoja akamlipia kahawa. Hakuna aliyempa pole vile tangu atoke machimboni.

Donatus aliondoka Segese bila kuaga. Jumapili ya pili, mbele ya kwaya nzima, wazee wa kanisa walimwomba Mama Fredy apumzike kufundisha mpaka mambo yatulie. Alivua joho, akalikunja, akalikabidhi. Kesho yake alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Boaz, Kagongwa, anakoendesha mashine ya kukoboa mpunga.

Magesa alibaki na ditekta. Hakuna aliyemfuata nyuma, hakuna aliyeitwa fundi. Alitembea mashambani kutwa, akarudi na misumari. Alipita hata kwenye lile shamba la mihogo, akiwa na hakika kwamba palipotoka kipande kimoja kuna kingine. Mvumo. Jioni alizoea kuwasha redio, na majirani walijua habari zote za nchi bila kufungua redio zao.

Alipochoka, alipanda bodaboda hadi Kagongwa. Boaz alimpokea chini ya kibanda cha mashine, makapi ya mpunga yakiruka.

"Shikamoo, shemeji," Magesa alisema.

"Marahaba. Kaa."

Vumilia alikuwa pembeni anapeta mchele. Hakuinua uso. Boaz alizima mashine, akavuta kigoda.

"Nikuulize, shemeji. Uliwakuta?"

"Hapana."

"Uliona ujumbe kwenye simu?"

"Hapana."

Boaz alikuwa mtu wa amani, na alishaandaa njia ya kutokea. "Basi sema ulisikia maneno ya watu, yakakuchanganya. Wivu kila mwanamume anao, tunaelewana. Utatoa mbuzi wa kumtuliza dada yangu, yataisha."

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa imefagiliwa kabisa. Magesa alitazama ungo ukipanda na kushuka mikononi mwa mkewe.

"Sikumwonea wivu Donatus," alisema. "Nilimwonea huyu."

"Na nani tena?" Boaz aliruka.

"Hakuna mtu. Nilimwonea wivu yeye. Kwa masikio yake." Na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, mpaka Boaz akalazimika kusogea. "Mimi sisikii ile sauti, shemeji. Sijawahi kuisikia. Yeye ameishika mashine siku moja akasikia. Wanamwita fundi. Mimi nimeacha magoti yangu kule chini, na fundi ni yeye."

Ungo ulisimama.

"Ile risasi," Vumilia alisema, "ulifukia wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo siku ile ulijua sina kosa."

"Nilijua."

"Na bado ukaenda kijiweni."

"Nikaenda."

Vumilia aliweka ungo chini, akaingia ndani. Boaz alikohoa, akaanza kuzungumzia bei ya dizeli. Aliporudi, macho ya Vumilia yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nitarudi. Lakini haya uliyoyasema hapa utayasema kijiweni, kwa mdomo huohuo. Na kanisani, mbele ya wale walionivua joho. Na Donatus utampigia simu."

"Kanisani, Mama Fredy?"

"Kanisani."

Alifanya yote matatu. Kanisani walimsikiliza, na joho likarudishwa. Kijiweni ilikuwa vibaya zaidi. Wivu wa ugoni waliuheshimu. Huu wa masikio waliucheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Wakampa jina, Mzee Hedifoni, na halijambanduka hadi leo. Donatus alipokea simu, akasikiliza hadi mwisho. Simu ilikuwa kwenye spika, na Vumilia alikuwa amesimama karibu amrudishie maneno yaliyompita.

"Anasema amekusamehe," alimwambia. "Anasema Segese harudi. Mke wake alizisikia zile habari huko Katoro, na nyumba yao bado haijakaa sawa."

Magesa aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Hilo halikuwa na joho la kurudisha.

Baadaye walikwenda Shinyanga mjini, wakafikia mtaa wa Kambarage kwa mpwa wao Ritha, na asubuhi wakaenda hospitali kupima masikio. Walimvika hedifoni nyingine, wakamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Sauti nzito alizikamata zote. Halafu akakaa, na kukaa, kidole juu ya kitufe, akidhani mtambo umezimwa. Kumbe milio ilikuwa inaendelea.

Mpimaji alieleza taratibu kwamba ni baruti na ile mashine ya kutobolea, kwamba sauti za juu ndizo zinazotangulia kufa, na kwamba hazirudi.

"Kwa hiyo ditekta ni nzima?" Magesa aliuliza.

Vumilia alicheka mpaka akatoka nje. Magesa hakucheka. Alikuwa amebakiza tumaini dogo kwamba ni mbovu.

Sasa wanafanya kazi pamoja. Magesa anausoma udongo, anajua mkondo wa mawe meupe ulikotoka na unakoelekea, na mara nyingi ndiye anayesema waanzie wapi. Vumilia anasikiliza. Magesa anachimba. Si kila wiki wanapata, na wanachopata wanakipeleka soko la dhahabu wakiwa wawili. Wanawake wa vijiji vya jirani wanamfuata Vumilia awafundishe, naye anawavua viatu na kuwaambia wapige deki.

Ungependa kusikia kwamba wivu uliisha. Haukuisha. Kabla ya masika ya mwaka huu, Vumilia alipata kipande kizuri kuliko vyote vya nyuma, kwenye shamba ambalo wengi walishalipita na mashine zao. Watu walijaa uani, wakamshika mikono, wakampigia vigelegele. Magesa aliwakaribisha, akawapa viti, akasema mke wangu hana mfano. Kisha akazunguka nyuma ya zizi, akasimama akiwatazama ndama.

Vumilia alimfuata, kanga begani.

"Leo vipi?" alimuuliza kwa sauti ya kumfikia.

"Leo wivu unaniuma."

"Sana?"

"Sana."

Alisimama naye kidogo. Hakumbembeleza, na yeye hakujitetea. Kutoka uani mtu alikuwa anaita fundi, fundi, wageni wanataka kuaga.

"Nenda," Magesa alisema. "Nakuja."

Alibaki pale mpaka uso wake ulipokaa sawa, akafungua zizi, akawatoa ndama kwenda kunywa maji.